Sukari Isiyokaa

Mara ya tano ndani ya mwaka.

Nimekaa ukingoni mwa beseni, taa sijawasha,
mama asije akaona mstari wa mwanga chini ya mlango
akauliza, "Ghaniya, tena?"
Tena.
Matone matatu, kama pilipili
iliyopitishwa tundu la sindano.
Kiyoyozi cha jirani kinakoroma.
Ibra imelala na joto lake, saa tisa ya usiku.

Nimwambie nani? Maradhi haya hayana jina la sebuleni.
Kichwa, utasema. Mgongo, utasema,
na wageni watakupa pole na kikombe cha kahawa.
Haya unayasema macho chini:
"haja ndogo inanisumbua,"
kana kwamba haja ni mtoto mtundu
wa mtu mwingine.

Nafundisha hesabu, vipindi vinne mfululizo.
Nilijifunza kubana.
Kisha nikajifunza kutokunywa maji
ili nisiwe na cha kubana.
Wanafunzi thelathini na mmoja,
choo cha walimu ghorofa ya chini, ufunguo kwa karani.

Vidonge vya mwanzo vilifanya kazi.
Vya pili vilifanya nusu ya kazi.
Daktari Basma akaitazama karatasi ya maabara:
"Vidudu hivi sasa vinazijua dawa zetu kwa majina."
Akaniandikia unga. Manosi.
"Ni sukari," akasema.

Nilicheka, nikajishika tumbo.
Kwetu sukari si kitu cha kikombeni.
Sukari ilichukua kidole gumba cha mguu wa mama.
Ilimchukua ami Nasibu, ikaanza na macho.
Chai yetu kavu tangu harusi ya Raya,
na haluwa ya Idi hupita mbele ya mama
kama jeneza la mtu aliyempenda.

Daktari akachora nyuma ya risiti:
kidudu chenye vinyweleo, kila kinyweleo na kulabu yake.
"Hushika ukuta wa kibofu, kikapanga.
Sukari hii mwili hauna kazi nayo kubwa,
nyingi inashuka vilevile ilivyoingia.
Tunataraji kidudu kiidhanie ndiyo ukuta,
kiikumbatie, watoke pamoja."
"Una hakika?"
"Hakika sina. Wako waliosema inafaa,
wako walioipima wasione tofauti na unga mtupu.
Maji unywe. Usibane.
Na homa ikipanda, au ubavu ukiuma,
usikae nyumbani na kijiko. Njoo."

Nilimwamini kwa lile *sina*.

Riali tisa na baisa mia nne.
Biju wa duka la dawa akaifunga kopo kwenye mfuko mweusi
bila kuulizwa, kama anavyowafungia wanawake wote.

Alfajiri, kijiko kinagonga bilauri,
mama mlangoni na fimbo yake:
"Nani anakoroga sukari nyumbani mwangu?"

Basi nikasema. Yote, mpaka beseni, mpaka giza.
Akavuta kiti.
"Baada ya kumzaa Raya," akasema,
"nilikaa miaka sita nikidhani ni mimi peke yangu.
Bibi yako akanifukiza, akasema jicho.
Nikawa nalilia maji ya bomba yakiwa wazi,
baba yako asisikie."
Akachovya ncha ya kidole, akalamba, akafumba macho.
"Tamu kidogo. Tamu ya mgeni
aliyekwisha kula kwao."

Wiki ya kumi na moja leo. Sijui
kama ni unga, au maji, au ni kule kusema.
Sitaapa. Nilipigwa na furaha ya namna hii
mwaka jana, ikadumu wiki nane.

Lakini jana, katikati ya kugawanya,
mia mbili na saba kwa kumi na tatu,
niliweka chaki mezani.
"Mwalimu, unakwenda wapi?"
"Chooni," nikasema, kwa sauti ya kufundishia.
"Endeleeni.
Baki tutaitazama nikirudi."